Mama mkwe aliwapeleka vifaranga wa bata bwawani, sasa nyumba imenuna

Shikamoo Mama,

Naishi Njombe, nina duka dogo la madaftari na sare za shule, na mtoto mmoja wa kike wa miaka minane. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Dar na Tunduma, kwa hiyo hapa nyumbani ni mtu wa kupita. Tangu mwaka jana tunaishi na mama yake, ambaye alitoka Kyela baada ya magoti kuanza kumsumbua. Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Naomba ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Mume wangu alichimba bwawa nyuma ya nyumba, kama mita nne kwa tano, akatandika turubai, akapandikiza perege. Wamo pia kambare, na baadhi yao sasa ni wakubwa. Rafiki yake mmoja wa barabarani akamwambia kuwa kinyesi cha bata kinarutubisha maji na samaki wananenepa bila kununuliwa chakula. Safari iliyofuata akashuka na mayai ya bata kwenye trei, wale bata wa kawaida wenye uso mwekundu. Tukamwekea kuku wetu aliyekuwa ameanza kuatamia. Masikini kuku akalalia mwezi mzima na zaidi, akaangua kumi.

Binti yangu alichanganyikiwa kwa furaha. Akitoka shule hata sare havui, anakwenda kuchuchumaa kwenye boksi. Kila mmoja alimpa jina. Wiki iliyofuata mume wangu alikuja na wageni, kuku akachinjwa, nami nikawahamishia vifaranga chumbani kwa bibi na mjukuu, kwa sababu ndicho chumba chenye joto. Jioni tunawasha jiko la mkaa pale.

Nilisoma kwenye simu kwamba vifaranga wasiachwe majini mpaka waote manyoya. Nikamwambia mama. Akacheka sana. "Bata hafundishwi maji, mwanangu. Wewe mfundishe na samaki basi." Jirani yetu alikuwepo, naye akacheka. Nikamjibu kwamba hapa si Kyela.

Siku ya pili yake nipo dukani, mwezi Juni, ukungu na manyunyu tangu asubuhi, yeye akawabeba kwenye ungo akawatia bwawani. Anasema walifurahi mno. Lile turubai linateleza, hakuna mahali pa kupandia, na baada ya muda wakaanza kulemewa. Akawa anawaopoa mmoja mmoja kwa ungo ule ule. Mmoja hakuonekana tena. Wengine wawili walikufa usiku, wamelowa mpaka ngozi inaonekana, mama amewafunika kwa kanga yake.

Asubuhi binti yangu akamwambia bibi yake, "Umewaua." Akalisema mara mbili, na jirani anasikia. Mama hakujibu. Aliingia ndani, na siku hiyo hakula. Mimi nilinyamaza, maana moyoni niliona mtoto amesema kweli. Nadhani lile neno langu la Kyela lilimuuma, akaamua kunionyesha makusudi.

Usiku akampigia mwanawe: "Mjukuu wangu ananiita muuaji na mkeo amenyamaza." Mume wangu anataka mtoto apige magoti aombe radhi. Mtoto anasema hataki. Mama siku hizi anapika chakula chake peke yake kwenye kijisufuria.

Saba waliobaki wana kama wiki tano. Mmoja anakaa chini muda wote, miguu imepinda nje. Nawapa pumba ya mahindi, nachanganya na chakula cha vifaranga wa kuku nikipata. Mwisho wa mwezi mume wangu anarudi na anataka awakute wanaelea. Nafikiria kuwagawa wote kwa dada mmoja wa kanisani tuishi kwa amani, au nimwambie afukie lile bwawa. Na je, mtoto aombe radhi kwa kusema ukweli?

Mimi mama wa bata, Njombe

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Mpe pole na binti.

Ruhusa yako nianze na jiko. Hilo jiko la mkaa litoke kwenye chumba wanacholala watu, litoke leo. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu anapitiwa na usingizi na haamki. Bibi na mjukuu wote wako humo. Vifaranga watafutie joto lingine: dumu la lita tano la maji ya moto lililofungwa kwa kitenge, liwe kona moja ya boksi, wanaohisi baridi walisogelee na wanaohisi joto wakae mbali. Kama umeme upo na unapata balbu ya zamani ya wati 60, ining'inize juu ya kona moja, mbali na maranda yasije yakashika moto. Wakirundikana wanalia, wanasikia baridi. Wakitanuka na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Huhitaji kipimajoto.

Sasa tuje kwenye barua. Umeniuliza kuhusu bata, kuhusu radhi, na kuhusu bwawa, lakini kila nikiisoma naona swali lingine limekaa katikati ambalo hukuliandika: nani aliwaua wale watatu? Mtoto ana jibu lake. Wewe una lako, ni lile lile ila hujalisema kwa sauti. Mama mkwe analo pia, ndiyo maana hakula.

Mimi naona kuna mtu amesahaulika kwenye kesi hii, naye ni yule kuku.

Kifaranga wa bata wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi kama 32, ndipo unashusha kidogo kidogo, nyuzi tatu hivi kila wiki. Njombe mwezi Juni usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Yale manyoya laini ya njano aliyo nayo humsaidia akiwa mkavu tu. Yakilowa mpaka ndani, joto lote linamtoka. Kwa hiyo kifaranga yeyote anahitaji tumbo la mama la kurudi chini yake. Kuku hawapeleki bata majini, ni kweli, na ukimwona kuku aliyeangua bata akihangaika kando ya maji utamhurumia. Lakini joto lake ni lile lile. Siku alipoingia sufuriani kwa ajili ya wageni, vifaranga kumi walibaki na boksi na jiko. Hakuna aliyegombana siku hiyo. Simlaumu mumeo, wageni ni wageni. Nasema tu kwamba hatari ilianza kabla ya ungo wa mama mkwe, na iliingia nyumbani kwa mikono zaidi ya miwili.

Turudi Kyela. Umelitaja kama neno la kejeli, lakini hebu litazame kwa utulivu. Kyela ni bonde la joto kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Njombe yako iko karibu mita 2,000. Kule mama mkwe amekua akiona bata jike akitoka na vifaranga wa siku chache wakiingia kwenye majaruba ya mpunga, maji ya vuguvugu yasiyofika hata magotini, ukingo wa udongo wa kupandia kila mahali. Wakichoka mama yao anawaita, anawalalia, wanakauka. Ameyaona hayo maisha yake yote na hakuna kilichokufa. Aliposema bata hafundishwi maji alikuwa anasema kitu alichokishuhudia. Na wewe uliyesoma kwenye simu hukudanganywa, kwa sababu hao wako hawana bata jike, wako kwenye baridi, na maji yao ni turubai lenye kingo za kuteleza. Ujuzi wake haukuwa na kosa ila ulihamishwa mahali pake, kama yeye mwenyewe alivyohamishwa.

Unasema alifanya makusudi. Umejuaje? Ninauliza kwa sababu barua yako hiyo hiyo inanionyesha mwanamke mwenye magoti mabovu ameinama kwenye ukingo unaoteleza, anaopoa kifaranga mmoja mmoja kwa ungo, kisha anatoa kanga yake mwenyewe awafunike. Inawezekana kweli alitaka kukuonyesha kwamba anajua. Watu wengi tukiambiwa mbele ya jirani kwamba ujuzi wetu haufai hapa, kesho yake tunatafuta mahali pa kuuthibitisha. Ila kutaka kukuonyesha kwamba anajua, na kutaka wafe, ni vitu viwili vilivyo mbali sana, na nadhani wewe umevilaza kitanda kimoja.

Sikiliza tena alichomwambia mwanawe. Sentensi yake ina nusu mbili, na ninyi nyote mmeishughulikia ya kwanza tu. Nusu ya pili ni "mkeo amenyamaza." Mtoto wa miaka minane kusema neno kali, bibi yeyote analibeba. Mkwe kusikia neno hilo na kukaa kimya, hilo ni zito zaidi kwake, kwa sababu anaishi kwako, hana kwake tena. Kijisufuria chake kinakwambia hivyo.

Kwa hiyo suala la radhi mimi nisingelianzia kwa mtoto. Ukimpigisha magoti kwa amri ya simu kutoka barabarani, atapiga, maana ni mtoto. Lakini anaweza kutoka pale akiamini kwamba kosa lake lilikuwa kuwalilia vifaranga wake. Ukimwacha asiseme chochote, bibi anabaki muuaji ndani ya nyumba anayolala chumba kimoja na mjukuu wake. Njia zote mbili zina gharama. Kuna ya tatu, ambayo nayo haina uhakika: wewe utangulie. Nenda kwa mama ukiwa peke yako, jirani asiwepo, na ukae chini kweli, si kusimama mlangoni. Unaweza kumweleza lile la Kyela lilivyotoka na kwa nini ulinyamaza. Unaweza pia kumuuliza kule kwao vifaranga wa bata wanalelewaje, na usikilize bila kusahihisha. Hatari ni kwamba anaweza kukujibu kwa ukali, au akanyamaza yeye safari hii. Jipe moyo wa kulivumilia hilo kabla hujaingia.

Kwa binti, tenganisha machozi na neno. Machozi ni haki yake. "Umewaua" ni neno jingine, kwa sababu linasema bibi alitaka. Mwulize yeye mwenyewe: unadhani bibi alitaka wafe? Watoto hujibu swali hilo kwa ukweli kuliko sisi. Akishajibu, huenda radhi ikatoka bila magoti ya mtu yeyote, na ikichelewa, muda upo.

Bata wenyewe sasa. Hao wenye uso mwekundu huchelewa kujaza manyoya, wengi huchukua wiki kumi na zaidi. Mwisho wa mwezi watakuwa bado. Mumeo anaweza kuwakuta kwenye beseni badala ya bwawa, na hilo si dogo. Chukua beseni pana, maji ya vuguvugu ya kina cha vidole vitatu, weka tofali ndani liwe ngazi ya kutokea. Iwe saa za jua, saa sita au saa saba mchana, dakika chache tu, mtu amekaa pale. Wakitoka, wafutwe na warudi kwenye joto. Utawaona wakichokonoa juu ya mkia kwa mdomo kisha wakijipaka mgongoni; kule kuna tezi ya mafuta, na ndivyo wanavyojiandaa na maji. Manyoya yakishajaa kifuani na tumboni, nyunyiza maji mgongoni. Yakiteleza na kudondoka, umefika. Yakizama ndani, subiri.

Kazi hiyo ya kukaa kando ya beseni ni ya nani? Wewe uko dukani, mtoto yuko shule mpaka mchana. Kuna mtu mzima mmoja pale nyumbani ambaye anawapenda bata na amewajua tangu utoto wake. Najua unaweza kusita, na sitakulazimisha. Ukimpa, unahatarisha yaliyotokea yarudiwe kama hamjakubaliana vizuri. Usipompa, umemwambia kwa vitendo kwamba humwamini tena. Mnaweza kukubaliana jambo moja tu la kulishika: beseni ruhusa, bwawa bado.

Yule wa miguu iliyopinda asisubiri mwisho wa mwezi. Vifaranga wa bata wanahitaji vitamini B3, yaani niasini, nyingi kuliko vifaranga wa kuku, na pumba ya mahindi haiwatoshelezi hata kidogo. Ikikosekana, miguu hulegea na kupinda. Nenda duka la dawa za mifugo ununue vitamini za kuchanganya kwenye maji, hakikisha niasini imeandikwa, na umwonyeshe ofisa mifugo wa kata. Waongezee wote dagaa waliosagwa. Akiwahiwa anaweza kunyanyuka, japo kwa wiki tano siwezi kukuahidi miguu itanyooka yote. Na hiyo pumba iangalie vizuri, inuse. Ikiwa imepata unyevu au ina ukungu, itupe. Bata wachanga ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Pumba iliyooza usiwape hata kuku.

Kuwagawa? Inawezekana, na dada wa kanisani atafurahi. Nyumba itapumua. Ninachohofia ni kwamba mtoto aliyewapoteza watatu atawapoteza na saba, na kila akiulizwa bata wako wapi, atajibu kwa kumtaja bibi. Amani ya namna hiyo huwa na deni. Lakini kama umechoka na biashara inadai muda, kuchoka ni sababu halali. Usijisingizie amani, sema umechoka.

Kufukia bwawa ni jambo la watu wawili, wewe na mumeo, na yeye alilichimba kwa mikono yake. Ningekushauri umpelekee kwanza mazungumzo ya uzio. Bwawa la turubai lisilo na mahali pa kupandia halikuwa hatari kwa bata peke yao. Mtoto wako wa miaka minane na rafiki zake wanacheza hapo nyuma, na ninyi watu wazima hampo mchana isipokuwa mama asiyeweza kukimbia. Fito na wavu vinatosha kuanzia, na upande mmoja pawekwe mteremko wa mawe au ubao usioteleza, wa kupandia mtu na bata. Hilo mumeo hawezi kulikataa.

Kuhusu mbolea ya bata rafiki yake hakumdanganya, ufugaji wa bata na samaki upo na unafanya kazi. Kinachokosewa ni hesabu. Kiasi kinachopendekezwa ni kama bata 10 hadi 20 kwa bwawa la mita za mraba 100. Lenu ni mita 20, kwa hiyo bata wawili, watatu, wakizidi sana wanne. Mkiwatia saba, maji yatakuwa kijani kizito na alfajiri mtawakuta perege juu wanatafuta hewa. Bata wakubwa pia huwala perege wadogo, kwa hiyo samaki wawe wamekua kwanza. Wanaobaki nje ya hesabu hawatadhurika, bata hawa wa uso mwekundu wanaishi vizuri bila bwawa wakipata tu chombo cha kuzamisha kichwa chote, waoshe macho na pua. Mwambie hayo kwa simu akiwa ameegesha lori, kwa namba, wanaume wengi namba huwatuliza.

Na yule mmoja asiyeonekana, nadhani unajua alikokwenda. Kambare mkubwa humeza kifaranga wa bata bila shida. Wakati wowote mtakapoamua kuwapeleka bwawani, hao kambare wawe wameshavuliwa na kuliwa, na kwa hao mama mkwe ndiye wa kuulizwa wanapikwaje.